Ubongo hujigawia damu wenyewe: somo la presha nililolipata Kapedo

Mjomba wangu ni mtu wa Kisauni, lakini zaidi ya nusu ya umri wake ameimaliza Turkana. Alianza Lodwar akiuza shuka na viatu, akahamia Kakuma baada ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa mwaka 1992 na biashara kuchangamka, na sasa uzeeni ametulia Kapedo na duka dogo la unga, sukari, majani ya chai na mafuta. Watu wa nyumbani humwuliza anatafuta nini kule. Yeye hujibu kuwa riziki haichagui mahali.

Kapedo iko mpakani mwa Turkana na Baringo, karibu na mlima Silali. Wengi wetu huku Pwani tunaisikia kwenye habari pakitokea mashambulizi tu. Ukifika utakuta mji mdogo wa watu wakarimu, joto la kukausha koo, na chemchemi za maji ya moto yanayoporomoka kwenye mwamba kisha yakaelekea mto Suguta. Nilikwenda kumjulia hali. Siku ya tatu, katika swala ya alfajiri, mjomba aliinuka kutoka sijida ya rakaa ya kwanza, akayumba, akaanguka kwenye mkeka.

Alizinduka baada ya muda mfupi, uso umemtoka jasho, hajui amefikaje chini. Watu wakaanza kusema kila mtu lake. Mmoja alisema ni kiharusi. Mwingine alisema presha imepanda, aongezewe kidonge haraka. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari nimeshika pakiti ya dawa mkononi.

Bahati nzuri jirani alikuwa ameshamwita muuguzi. Alikuja na mashine yake, akapima mara mbili, mjomba akiwa amelala kisha amekaa. Akauliza:

"Mzee, vidonge hivi unameza vingapi?"

"Viwili asubuhi, viwili jioni."

"Na zamani ulikuwa unameza vingapi?"

"Kimoja."

Kumbe wiki moja kabla, mjomba alikuwa ameenda mjini kuleta bidhaa, akapimwa katika duka moja la dawa na kukutwa na 190 kwa 110. Muuzaji akamwambia aongeze vidonge mara nne ili presha ishuke upesi. Mjomba, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akimeza dawa anapokumbuka, akaona sasa atatubu kwa mkupuo. Asubuhi ile mashine ilisoma 100 kwa 60.

Nikamwambia muuguzi, "Lakini 100 kwa 60 si mbaya. Hata mimi nimewahi kupimwa hivyo."

Akanijibu, "Kwako wewe hayo ni maji ya kutosha, ndugu. Kwake yeye ni ukame."

Neno hilo nililibeba hadi Mombasa. Mimi si daktari, nina diploma tu na mazoea ya kusoma. Lakini nimesoma na kuuliza, na leo nataka tulielewe pamoja, kwa sababu katika familia zetu hakuna nyumba isiyo na mtu wa presha.

Kiungo kidogo, mlaji mkubwa

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na nusu hivi, yaani kama asilimia 2 ya mwili. Hata hivyo, unachukua karibu asilimia 15 ya damu yote inayosukumwa na moyo ukiwa umepumzika, na kama asilimia 20 ya oksijeni inayotumiwa na mwili mzima. Kila dakika hupitiwa na mililita 700 hivi za damu, zaidi ya chupa ya nusu lita.

Tena ubongo hauna ghala. Msuli una akiba ya chakula chake, ini lina akiba. Ubongo hula kinacholetwa saa hiyo hiyo. Damu ikikatika kabisa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi. Ikikatika kwa dakika chache, seli zinaanza kufa.

Sasa fikiria tunavyoishi. Unalala, unainuka, unabeba mzigo, unakasirika, unapanda ngazi. Presha ya mwili hupanda na kushuka mchana kutwa. Kama ubongo ungekuwa unapokea damu kulingana na presha tu, tungekuwa tunazirai kila tukisimama, na mishipa ingekuwa inapasuka kila tukigombana. Hilo halitokei. Kwa nini?

Mgawa maji kwenye mlango wa mfereji

Ukisafiri kwenda Kapedo kwa njia ya Marigat utapita karibu na mashamba ya Perkerra, yanayomwagiliwa kwa maji ya mto. Mkulima husimama na jembe kwenye mlango wa mfereji wake. Maji yakija kwa nguvu, anaziba kidogo kwa udongo. Yakipungua, anafungua. Mto unabadilika, lakini mahindi yanapata maji yale yale.

Mishipa midogo ya ubongo ina mkulima wake. Kuta zake zina misuli laini. Presha ikipanda na kuutanua mshipa, misuli hiyo hujikaza, mlango ukawa mwembamba. Presha ikishuka, hulegea, mlango ukapanuka. Mwingereza William Bayliss aliieleza tabia hii ya mishipa ya damu mwaka 1902. Mwaka 1959 daktari wa Denmark, Niels Lassen, alikusanya vipimo vya watafiti wengi na kuonyesha kuwa damu ya ubongoni hubaki karibu kiasi kile kile ingawa presha ya wastani inabadilika sana.

Presha ya wastani ni ipi? Ukiambiwa 120 kwa 80, wastani wake ni kama 93. Si nusu kwa nusu, kwa kuwa moyo hutumia muda mwingi ukiwa umepumzika kuliko ukiwa umejikaza. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kuwa mgawa maji huyu anaweza kazi yake kuanzia wastani wa 60 hadi 150. Watafiti wa sasa wanasema uwanda huo ni mwembamba kuliko ilivyodhaniwa, hutofautiana mtu na mtu, na ubongo hujikinga vyema zaidi presha ikipanda kuliko ikishuka. Lakini msingi ni ule ule: kuna mipaka miwili, wa chini na wa juu, na katikati yake tuko salama.

Mgawa maji huyu hasikilizi presha peke yake. Anasikiliza pia hewa tunayotoa puani, ile hewa ya ukaa. Ikizidi katika damu, mishipa ya ubongo hupanuka. Ikipungua, hujikaza. Kina mama wanaopuliza jiko la makaa kwa pumzi nyingi za haraka wanalijua jambo hili bila kusoma: baada ya muda kichwa kinawazunguka. Umeitoa hewa ya ukaa kwa wingi, mishipa imejibana, damu ya ubongoni imepungua. Ndiyo maana hata mtu mwenye hofu kubwa, anayehema mbio mbio, hupata kizunguzungu na ganzi vidoleni.

La tatu, anasikiliza kazi. Mwaka 1890 Charles Roy na Charles Sherrington wa Cambridge walieleza kuwa sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi huletewa damu zaidi. Ukisoma makala haya, mishipa ya nyuma ya kichwa, panapohusika na kuona, inafunguka. Ukinyanyua mkono, ni sehemu nyingine. Picha za kisasa zinazoonyesha ubongo ukifikiri zimejengwa juu ya jambo hilo.

Na unapoinuka kutoka sijida, nusu ya lita ya damu au zaidi huteremka miguuni na tumboni. Moyo huongeza kasi, mishipa ya mwili hujibana, na mgawa maji wa ubongo hufungua mlango. Yote hayo ndani ya sekunde chache, nawe unaendelea na sura yako bila kujua.

Mlinzi akizoea mafuriko

Hapa ndipo alipokwama mjomba.

Mtu akikaa na presha ya juu kwa miaka, kuta za mishipa yake midogo huwa nene na ngumu. Ni kama mkulima ambaye mto wake umefurika misimu kumi mfululizo: amejenga kingo nene, na mlango wake umeshazoea kubaki mwembamba. Mafuriko anayaweza. Lakini mto ukipungua ghafla, mlango ule hauwezi kufunguka vya kutosha, na shamba linakauka wakati jirani yake mwenye mlango wa kawaida anaendelea kumwagilia.

Kwa lugha ya madaktari, mipaka yote miwili imehamia juu. Hilo lilionyeshwa kwa vipimo miaka ya 1970 huko Denmark na Svend Strandgaard na wenzake. Presha inayomtosha kijana inaweza kuwa chini ya mpaka wa mzee aliyezoea 190. Ukichanganya na joto la Turkana, jasho, maji machache usiku kucha, na kuinuka ghafla, umepata mtu aliyelala kwenye mkeka.

Mjomba aliponea kwenye kizunguzungu. Wengine hawaponi hivyo. Zamani hospitali nyingi duniani zilikuwa na desturi ya kumpa mgonjwa wa presha ya juu nifedipine ya kushusha haraka, ya kutumbukizwa chini ya ulimi. Presha ilianguka kweli, na baadhi ya wagonjwa wakapata kiharusi au mshtuko wa moyo kwa dawa iliyokusudiwa kuwaokoa. Mwaka 1996 jarida la madaktari la Marekani, JAMA, lilichapisha wito wa kuacha desturi hiyo.

Habari njema ni kuwa kingo zile si za milele kwa kila mtu. Presha ikishushwa taratibu, kwa wiki na miezi, kwa wengi mishipa hujirekebisha na mipaka hurudi kuelekea pale pa kawaida. Ndiyo sababu daktari anaanza na kidonge kimoja, anakuita tena, anaongeza kidogo. Hakufanyii ubahili. Anaupa ubongo wako muda wa kubomoa kingo.

Na isieleweke kuwa presha ya juu basi iachwe kwa kuwa ubongo umeizoea. Kuizoea ndiyo kuharibika kwenyewe. Mishipa iliyokakamaa huziba na hupasuka. Presha ikivuka hata ule mpaka wa juu, mlango husukumwa wazi kwa nguvu, majimaji huvuja ndani ya ubongo, mtu akaumwa kichwa vibaya, akaona ukungu, akachanganyikiwa au kupata degedege. Kina mama wajawazito wako hatarini zaidi, kwa sababu presha yao huweza kupanda ghafla bila mishipa kupata nafasi ya kuzoea. Mjamzito mwenye presha ya juu anayeumwa kichwa sana au kuona vimulimuli asisubiri asubuhi. Hicho ni kifafa cha mimba kinabisha hodi.

Kiharusi: pale mgawa maji anapokufa

Mjomba ni ndugu wa marehemu mama yangu, na hapa nina la kukiri. Miaka mingi iliyopita mama aliamka mdomo umeenda upande na mkono wa kulia hauinuki. Sisi watoto tukaazima kidonge cha presha kwa jirani, tukamwekea chini ya ulimi, tukangoja tuone. Tulimfikisha hospitali baada ya alasiri. Aliishi nasi miaka miwili zaidi, lakini mkono haukurudi, na maneno yake yalibaki machache. Sisemi kidonge kile ndicho kilichomlemaza, hilo hakuna ajuaye. Nasema tulifanya jambo tusilolijua, na tukapoteza saa.

Kiharusi kiko cha aina mbili: mshipa kuziba au mshipa kupasuka. Mshipa ukiziba, kiini cha eneo lile hufa ndani ya dakika. Lakini kukizunguka kuna ukingo wa seli zilizozimia bila kufa, zinazopata damu kidogo kwa vichochoro vya pembeni. Hizo bado zinaokoleka. Tatizo ni kuwa katika eneo hilo mgawa maji ameshaacha kazi, milango yote iko wazi, na damu inayofika inategemea presha tu. Mara nyingi mwili wenyewe huipandisha presha saa hizo. Ukiishusha kwa nguvu nyumbani, unaweza kuwa unakata tone la mwisho.

Na ikiwa ni mshipa uliopasuka, matibabu ni mengine, na presha hushushwa hospitalini kwa uangalizi. Kwa macho huwezi kujua ni kipi. Ni picha ya ubongo, kama ya CT, inayotofautisha. Basi nyumbani usimpe dawa ya presha, usimpe aspirini, usimpe chakula wala maji, kwani koo nalo linaweza kuwa limepooza. Mlaze kwa ubavu kama fahamu zimepungua, angalia saa dalili zilipoanza, tafuta gari. Dawa ya kuyeyusha donge, panapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Kutoka Kapedo hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 200. Sisi wa Mombasa, Malindi na Kilifi tunalalamikia foleni, lakini wengi wetu tuna nafasi ambayo mjomba hana.

Si wazee peke yao

Watoto wa Pwani wamo katika habari hii. Pale Kilifi, watafiti kama Charles Newton, Kevin Marsh na Norbert Peshu waliwachunguza watoto wenye malaria iliyopanda kichwani, na miaka ya 1990 walionyesha kuwa shinikizo ndani ya fuvu lao hupanda na mtiririko wa damu ubongoni huvurugika. Fuvu haliongezeki ukubwa: ubongo ukivimba, damu hupata taabu kuingia. Ndiyo maana mtoto mwenye homa na degedege au fahamu zilizopotea hakai nyumbani kusubiri.

Na kuna ugonjwa wa selimundu, ambao kwetu Pwani ni jambo la kila mtaa. Kwa baadhi ya watoto hao mishipa mikubwa ya ubongo huwa myembamba polepole, damu ikapita kwa kasi isiyo ya kawaida. Kipimo cha mawimbi ya sauti kinachowekwa pembeni mwa kichwa huweza kuiona kasi hiyo kabla ya kiharusi, na kuongezewa damu kwa mpangilio hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu aulize kliniki yake kuhusu kipimo hicho.

Kwa nini sasa?

Presha ilikuwa ikisemwa ni ugonjwa wa matajiri. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Huko Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta viharusi vipya kwa mwaka, umri ukisawazishwa, ni kama 109 kwa kila watu 100,000 wilayani Hai, na kama 316 Dar es Salaam. Mji unatuchosha mishipa.

Turkana nayo imeshaonja. Mwaka 2020 Amanda Lea, Julien Ayroles na wenzao walichapisha utafiti wa Waturkana 1,226 katika sehemu 44. Wafugaji wanaofuata maisha ya jadi walikuwa na moyo na mishipa yenye afya nzuri. Waliohamia mijini, wakala vyakula vya dukani, walikuwa na vipimo vibaya zaidi, presha ikiwemo. Nilipomsomea mjomba habari hiyo kwa simu alicheka, akasema, "Mwanangu, basi mimi ndiye ninayewauzia hayo mafuta na sukari." Kisha akanyamaza.

Tufanye nini

Pima presha, hata kama huumwi. Ukipewa dawa, imeze kila siku, saa ile ile, na usiiache kwa kuwa umejisikia nafuu. Ukisahau, usilipize kwa kumeza mbili. Ukikutwa na namba ya kutisha, rudi kwa anayekutibu, wala usikubali dukani ukaongezewa vidonge bila kuchunguzwa. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, zungumza naye mapema kuhusu saa za dawa. Ukiinuka kitandani au sijida, inuka kwa vituo, na ukihisi giza machoni, kaa chini. Mwenye dharura haoni aibu kuswali ameketi.

Na mtu akipinda uso, mkono ukalegea, maneno yakapotea, hata kama yamerudi baada ya robo saa, mpeleke hospitali.

Mjomba sasa yuko na kidonge kimoja asubuhi, na muuguzi yule humpima kila wiki. Mara ya mwisho alikuwa 150 kwa 92. Nikamwuliza kama haoni inashuka polepole mno. Akaniambia muuguzi ameshamkataza haraka, na kwamba siku hizi anaswali karibu na nguzo ili apate pa kushika anapoinuka.